Vibuyu Kumi na Vinne

Mvumo ulikuja kwanza, kama mzinga mzima wa nyuki umehama, kutoka nyuma ya kilima cha barabara ya Ndalambo. Hatukuona mtu wala vumbi. Kisha sauti ikagawanyika, juu nyembamba za kukwaruza, chini nzito za kutikisa kifua, na Tunduma yote ikatoka nje. Kila sikukuu ya Mfalme wa Uingereza tuliwasikia watu wa malipenga kabla ya kuwaona.

Malipenga ni ngoma ya gwaride. Wanaume hujipanga safu safu, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, wakikanyaga kwa mguu mmoja kama askari. Na badala ya tarumbeta za shaba, huimbia ndani ya vibuyu. Baba yangu ndiye aliyeileta mjini kwetu aliporudi kutoka kubeba mizigo ya vita. Alipofariki, kaka alishika fimbo ya uongozi, na mama akawa mlinzi wa vibuyu. Vilikuwa kumi na vinne, vimetundikwa ukutani chumbani kwake, na hakuna aliyevigusa bila ruhusa yake.

Mwaka ule aliyevigusa ni mke wa kaka, wifi yangu. Alikuwa na miezi miwili tu nyumbani kwetu. Kwao ni Misheni ya Mbozi, binti wa seremala, amelelewa kwa nyimbo za kanisa na sakafu zinazong'aa. Ngoma yetu hakuwahi kuiona.

Siku tatu kabla ya sikukuu jumbe alitoa amri: nyumba zote zifagiliwe na kupakwa udongo mweupe, maana Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, atapita. Mama akaenda mtoni kuchimba udongo. Aliporudi alikuta vibuyu vyote vimeanikwa juani, vimeoshwa, vimepakwa mafuta, vinameremeta.

"Vilijaa utando wa buibui, Mama," wifi alisema kwa furaha. "Nimeutoa wote."

Mama akaweka kikapu chini polepole. Kaka akachukua kibuyu kikubwa, akaimbia ndani. Ikatoka sauti yake tu, tupu, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Ule utando ndio uliokuwa sauti. Unagandishwa kwenye ncha iliyokatwa, na pumzi ikiupiga, kibuyu kinalia.

Jirani yetu aliyekuwa akipaka ukuta alicheka hadi akashika kiuno. "Haya, bibi harusi wa Misheni amevibatiza vibuyu!"

Mama hakucheka. Aliniita ndani. "Lete kalamu. Mwandikie baba yake aje amchukue. Akamalize kufundishwa."

Niliandika, na mwendesha baiskeli aliyekuwa akielekea Vwawa, njia ya Misheni, akaichukua barua. Kwetu, binti aliyerudishwa kufundishwa huondoka na mkeka wake kichwani, na ni wachache wanaoitwa tena. Wifi alilijua hilo. Kaka pia alilijua, akakaa uani akiizungusha fimbo ya baba mikononi, asiweze kumpinga mama.

Wifi hakulia. Alinifuata jikoni akaniuliza, "Wifi, utando huo hupatikana wapi?"

"Ukutani. Kuna buibui bapa, hufunika mayai yake kwa kitu kama karatasi nyeupe. Yakishaanguliwa, karatasi inabaki."

Tulitoka kuutafuta. Nyumba ya kwanza, nyeupe. Ya pili, nyeupe, bado mbichi. Mji mzima ulikuwa umejisugua kwa ajili ya mgeni wa saa moja, na hapakuwa na buibui hata mmoja aliyebaki na makao. Wifi alisimama katikati ya barabara, mikono imejaa udongo.

"Amri ya jumbe inaishia wapi?" akauliza.

Nilitaka kucheka, kisha nikaelewa. Nikamwonyesha nguzo ya mpaka. Ng'ambo yake ni Rhodesia ya Kaskazini, na bwana wao wa upande ule hakuwa akipita njia hii. Shangazi yangu aliishi huko, mahali ambapo ukiita kwa nguvu anaitika.

"Ninyi wa upande ule mmejisafisha mpaka mmekosa sauti!" shangazi alisema tulipomweleza. "Ingieni. Buibui wangu nimewazoea kuliko wakwe zangu."

Wifi alipindua kinu, akapanda juu yake. Kwa wembe akabandua karatasi zile moja moja, taratibu, kwa vidole vilivyozoea kudarizi, akazipanga ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Tukapita kwa majirani wa shangazi pia, hadi kitabu kikavimba.

Kuzigandisha ndiko kulikomshinda. Aliyeyusha nta ya nyuki, akavuta utando ukakazika, ukapasuka. Wa pili, ukapasuka. Mama alipita mara tatu, akitazama. Jioni ya siku ya pili akakaa, akachukua kibuyu, akalamba kidole gumba.

"Usiukaze. Uache ulegee kidogo."

Lakini barua haikuweza tena kurudishwa njiani.

Siku ya sikukuu Ndalambo walitangulia, wakafuata watu wa Mbebe, walioshuka milimani tangu juzi. Habari zilikuwa zimewafikia. "Leo mtavuma," mmoja akatupigia kelele, "au mtatoa povu la sabuni?" Watu wakaangua kicheko. Wifi alisimama kando yangu, mkeka wake umekwisha kukunjwa. Nyuma yake alikuwa baba yake, ameshika baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi.

Kaka akainua fimbo. Vibuyu vikapanda midomoni. Ikashuka.

Ee, sauti ile! Ilianza chini, kwenye vibuyu vikubwa, ikapanda miguuni mwetu kabla ya kufika masikioni. Kisha vidogo vikaitikia, vikali, safi, vyote pamoja kumi na vinne bila kimoja kukosa. Safu zikageuka pamoja, vumbi likaruka kwa kishindo kimoja. Bwana Shauri alisimama kutoka kitini, lakini mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameinua uso kama anayesikia hatua za mtu aliyempoteza. Akapiga kigelegele, akauchukua mkeka mikononi mwa wifi, akaubeba mwenyewe hadi nyumbani. Mpaka leo nikiandika neno fahari, naona mgongo wa mama na mkeka ule.

Baba yake wifi alikula, akanawa, akakohoa. "Basi, mkwe, nimekuja kumchukua binti."

"Kumchukua? Umekuja kumsalimia."

"Barua yako imesema..."

"Mimi sijui kusoma, mkwe. Walioandika wanajua wenyewe walichoandika." Akanikazia macho. Nikainamisha kichwa, nimeuma midomo nisicheke.

Mzee alimtazama binti yake. "Nawe wasemaje?"

"Kimebaki kimoja kutundika, Baba," wifi akajibu, kibuyu mkononi.

Mzee alitabasamu, akavaa kofia, akatoka kuchukua baiskeli. Mlango wa nyumba yetu aliuchonga yeye, zawadi ya harusi, mbao nzito za msitu wa Mbozi. Mama alimpungia mkono hadi alipopotea kwenye kona, kisha akaufunga mlango ule.