Mto Kwapani, Kutafuta Mtaa wa Kulala

Dalali alishaona wateja wa kila namna. Alishamwona anayegonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayepima kifua, na anayeonja maji ya bomba kisha akatema. Alishamwona hata bwana mmoja aliyekuja na mama mkwe wake, ili mama mkwe akiichukia nyumba, inunuliwe siku hiyohiyo. Lakini mteja mwenye mto wa kulalia kwapani na mkeka begani hakuwahi kumwona tangu aanze kazi ya kusifia nyumba zisizo zake.

"Mzee, huo mto wa nini?"

"Wa kulalia," alisema mwoka mikate. Akavua viatu mlangoni kwa adabu, akatandika mkeka katikati ya sebule tupu, akajinyoosha. "Nikilala mpaka saa tisa, tunazungumza. Nisipolala, utatuonyesha nyingine."

Dalali akamgeukia mke. Mke akatazama dari. Binti yao, mwenye miaka kumi na minane na ulimi wa miaka hamsini, akamwonea huruma.

"Kaka, wewe keti tu. Utazoea."

Kazini mwoka mikate aliitwa Popo, na hakulichukia jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiingia bekari jua likizama na kutoka likichomoza, kichwa kizima cheupe kwa unga, akazeeka kila alfajiri na kurudi ujanani kila akinawa. Wenzake wa mjini walipokuwa wakifunga vifungo vya shati, yeye alikuwa akifungua vyake. Mji ule aliupita tu akienda kulala, na mengi aliyoyajua juu yake aliyajua kwa kuyaota.

Nyumbani kwao palikuwa vyumba viwili vya kupanga, juu ya karakana ya wafua bati. Chini wanagonga. Kushoto jirani ana redio isiyojua kunong'ona. Kulia kuna watoto wanne ambao mama yao aliwahi kukiri kwamba hata yeye huwaogopa. Katikati ya hayo yote Popo alikuwa analala kama gunia la unga, na miguuni pa kitanda mkewe alikuwa anashona mapazia kwa cherehani yake ya mkono, akizungusha mpini tangu asubuhi mpaka alasiri. Hivyo ndivyo walivyolea mtoto, wakatunza akiba, wakapendana: mmoja amelala, mwingine anashona.

Miezi sita iliyopita mke alimtazama mumewe usingizini akaona mvi ambazo hazikutoka kwa kunawa. Moyo ukamlainika. Kesho yake akaanza kuibeba cherehani kila asubuhi hadi barazani kwa dada yake, mtaa wa pili, ili baba watoto naye apumzike kwa raha kama watu wengine.

Mwezi huohuo, kwa maoni ya Popo, wafua bati wakaanza kugonga kwa chuki. Redio ikaanza kumsema yeye. Watoto wa kulia wakaanza kukimbia juu ya kichwa chake, ingawa waliishi naye ghorofa moja. Usingizi ukamhama. Alilala chali akihesabu mbao za dari, na alipozimaliza alianza kuhesabu misumari.

Mwishowe alisinzia wima mbele ya tanuri, akiwa ameshika koleo refu la kutolea mikate, na masinia sita yakageuka makaa. Msimamizi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha.

"Popo," alisema, "ikitokea tena, utakwenda kulala kwenu jumla."

Basi ile nyumba waliyokuwa wakiiwekea akiba tangu binti akiwa na meno mawili ikageuka kuwa dawa ya haraka. Ilitakiwa nyumba, na nyumba ilitakiwa kuwa kwenye mtaa wenye usingizi. Popo aliapa hatanunua hata mlango mpaka aulalie.

"Wenzako hununua nyumba macho wazi," mke alimwambia, "wewe unataka kuinunua umeyafumba."

"Wenzangu nyumba wanaitazama, mama. Mimi naitumia."

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa wakubwa, mlimani. Kwa akiba yao walionyeshwa nyumba ndogo ya uani, ambayo zamani ilikuwa ya magari na bado ilinuka kama inayatamani. Kuta za mtaa huo zilikuwa ndefu hata jua likachelewa kuingia, kama vile lilikuwa linaandikwa jina kwanza getini. Kimya chake kilikuwa cha bei. Popo akafumba macho, na usingizi ukaja nusu, kwa mashaka. Aliota anatembea kwenye barabara nyeupe isiyo na vumbi, sinia la mikate kichwani, na kila geti alilolipita lilifumbua jicho moja la bati likamuuliza, "Unamtafuta nani?" Akajibu, "Najitafuta mwenyewe." Sauti ikamwambia huyo hayupo, apite kesho.

Akaamka saa tatu na dakika kumi.

"Hapana," alisema, akikunja mkeka. "Hapa hata ndotoni nimefukuzwa."

Mtaa wa pili ulikuwa pembezoni, dakika tano kutoka barabara kuu. Dakika za dalali huwa na mimba. Walitembea mpaka binti akavunja kisigino cha kiatu. Kulikuwa na nyasi zilizofika kiunoni, upepo, na nyumba ambazo hazijaisha, nondo zimezisimama kichwani kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Popo akalala chini, na kimya kikamchukua, kikampandisha polepole mpaka akahisi anaelea chini ya dari kama mvuke wa mkate. Kilikuwa kimya kipana kiasi kwamba alisikia kope zake zikigusana. Kila zilipogusana, akashtuka.

"Je, mzee?" dalali aliuliza kutoka mlangoni, kwa mnong'ono wa hospitalini.

"Kope zinanipigia kelele."

Mke alikuwa amesimama nje akitazama lile pori. "Mimi nikishikwa na wazimu hapa," alisema taratibu, "nani atajua?" Lakini hakuna aliyemjibu, kwa sababu siku zile hakuna aliyekuwa anamuuliza.

Walilala mitaa saba. Waliolala, kusema kweli, ni wengine: binti alilala, dalali alilala mara mbili na kukoroma, Popo akabaki akiwalinda. Kazini akawa anajibana paja ili asisinzie, na paja likawa la rangi ya biringanya. Msimamizi akaanza kupita karibu na tanuri mara kwa mara, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri embe lianguke.

Nyumba ya nane dalali aliwapeleka kwa kukata tamaa. Hata njiani hakuisifu. Mtaa wenyewe ulikuwa mteremko wenye ngazi za mawe badala ya barabara, na watu walipanda na kushuka wakisalimiana kwa sauti, kwa maana wa juu hakutaka kushuka na wa chini hakutaka kupanda. Mkabala palikuwa na mashine ya kusaga unga. Nyuma palikuwa na shule.

"Hiyo mashine," dalali alisema kwa kupaza sauti ili asikike, "huwa haifanyi kazi sana!"

"Unasemaje?" Popo aliuliza.

"HAIFANYI KAZI SANA!"

Siku hiyo mke alikuja na mzigo. Dada yake alikuwa amesafiri na kufunga nyumba, na mapazia ya ukumbi mmoja mkubwa yalitakiwa kabla ya jioni. Kwa hiyo cherehani ilikuja ndani ya sanduku lake la mbao, juu ya bega la dalali, ambaye kufikia nyumba ya nane alikuwa ameanza kumwita "shemeji" na sasa alikuwa anavuna matunda ya undugu.

"Shemeji, humu umeweka cherehani au gari moshi?"

"Panda, baba, panda. Bado ngazi thelathini."

Popo akajilaza bila tumaini. Mke akaiweka cherehani chumba cha pili, chini ya dirisha, mlango ukiwa wazi, akaanza kuzungusha mpini. Kengele ya shule ikalia. Mashine ya kusaga ikanguruma. Mtu kwenye ngazi akamuuliza mwenzake habari za mguu, na mwenzake akazitoa zote.

Popo hakusikia mwisho wa habari za mguu.

Aliota mji umekandwa. Ulikuwa umelala ndani ya beseni moja kubwa, umefunikwa kitambaa chenye unyevu, ukiumuka. Mitaa ilipanda polepole, laini, na nyumba zikavimba na kuegemeana mashavu kama mikate kwenye sinia. Ule mtaa wa mlimani ulipasuka ukuta kwa kuumuka, na watu wake wakachungulia nje, wakaona aibu, wakasalimia. Nyasi za pembezoni zikawa mvuke. Juu ya yote ilipita sindano, inashuka, inapanda, inashuka, ikiushona mtaa huu na mtaa ule kwa uzi mmoja mrefu mweupe, na yeye Popo alikuwa anatembea juu ya ule mshono bila viatu, na popote alipokanyaga pakawa na joto. Alitembea miaka mingi. Hakuna aliyemuuliza anamtafuta nani.

Kisha sindano ikasimama. Naye akafumbua macho.

Dirishani jua lilikuwa la rangi ya ganda la mkate. Ilikuwa saa kumi na nusu. Mke alikuwa anakata uzi kwa meno, pazia la mwisho limemwagika mapajani.

"Nimelala!" Popo akaruka juu. "Mama, nimelala! Ndiyo huu! Huu ndio mtaa wenye usingizi!"

Dalali, bila kupoteza muda, akaanza kuisifu nyumba tangu msingi. Binti peke yake hakusogea. Alikuwa amekaa kizingitini kutwa nzima akiwatazama, na sasa uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona funguo alizozitafuta ziko mkononi mwake.

"Mama," alisema, "zungusha tena."

"Nizungushe nini? Nimemaliza."

"Zungusha tu, bila kitambaa."

Mke akazungusha. Popo, aliyekuwa anamweleza dalali kuhusu hewa safi ya mtaa huo, akapunguza maneno. Akaegemea ukuta. Kope zikashuka.

"Acha," binti akasema. Mpini ukasimama, Popo akazinduka: "...na majirani wenyewe wanaonekana watu wa maana."

"Tena."

Mpini ukazunguka. Kidevu cha Popo kikatua kifuani.

"Jamani," dalali akasema.

Mke akaondoa mkono kwenye mpini kama ameungua. "Miezi sita," alisema. "Miezi sita naibeba hii kwenda kwa dada, mgongo unakatika, ili wewe ulale."

Popo alitazama cherehani, akamtazama mkewe, akaitazama tena cherehani. "Na mimi nimewalaani wafua bati wa watu," alisema kwa sauti ndogo.

Kilichofuata ni kicheko, na kilikuwa kirefu mpaka dalali akaona afadhali akae chini. Kicheko kilipoisha, Popo akapangusa macho, uso umemng'aa kama aliyetolewa jela.

"Basi mambo yamekwisha! Tunaweza kununua popote. Hata kule pembezoni ni rahisi, tunabaki na chenji ya—"

"Popote pa nani?" mke akamkata. Hakupandisha sauti. "Baba watoto, wewe mtaa utaulala. Mimi ndiye nitakayeukaa macho. Mitaa minane umelaza kichwa, na hujaniuliza hata mara moja kama kichwa changu mimi kimependa wapi."

Mashine ya kusaga ikanyamaza wakati huohuo, bila adabu, na wote wakasikia jinsi lilivyokuwa swali la kweli.

Popo akapiga magoti juu ya mkeka wake, maana hakuwa na pengine pa kujiweka. "Wewe unapenda wapi?"

Mke akasimama. Akageukia dirisha. Lilikuwa pana, la kufunguka pande mbili, na chini yake ngazi zilishuka na watu wake wote. Kwa miaka ishirini alikuwa amepima madirisha ya watu wengine. La kwao lilitazama ukuta, na alikuwa amelifunika kwa gunia la unga lililofuliwa. Akavuta utepe wa kupimia shingoni, akaupandisha kwenye fremu, akausoma kwa kunong'ona.

"Ulipokuwa umelala," alisema, "yule mama wa dirisha la mkabala ameniuliza kama nashona. Amenirushia foronya. Mwalimu wa shule amepita, ameniachia sketi. Mwenye mashine ya kusaga anataka pazia la kuzuia vumbi, maskini, atasubiri sana. Wote wamenisemesha. Kule kwa dada miezi sita yote nilikuwa nasema na ukuta."

"Kwa hiyo kelele hizi..."

"Ni watu, mume wangu. Mimi nataka watu."

Dalali akafungua kinywa. Binti akaweka kidole mdomoni mwake mwenyewe, na dalali akaelewa, akakifunga.

Mke akachukua pazia moja la ukumbi, akalitundika kwa muda kwenye misumari miwili ya zamani, alione linavyokaa. Upepo wa ngazini ukaingia, ukalijaza, ukaliacha, ukalijaza tena. Mwanga ukawa unapanda na kushuka ukutani. Akaketi, akaivuta sketi ya mwalimu, akaanza kuzungusha mpini.

"Je, mzee amekubali?" dalali alimnong'oneza binti baada ya muda.

Binti akasikiliza kidogo. Kwenye mkeka Popo alikuwa amejikunja upande, mto kati ya magoti, na pumzi yake ilikuwa imeanza kwenda sawa na mpini.

"Amekubali," binti alisema. "Lakini saa kumi na mbili lazima aamshwe aende kazini. Wewe, kaka, hiyo cherehani itazame tu kwa macho. Leo haishuki ngazi hata moja."