Mbwa Aliyekula Machicha

Kwetu Rhotia, wakati ule, palizi ilikuwa ya majirani: wao walileta majembe, wewe ulipika pombe. Siku ya zamu yetu nilichuja pombe asubuhi, nikamwaga machicha nyuma ya nyumba yapoe, niwape kuku baadaye. Mbwa wetu jike akawawahi kuku.

Nilimkuta anayumba, tumbo limevimba, macho yananitazama bila kuniona. Akaanguka ubavu. Niliogopa, sifichi. Nguruwe pori walikuwa wakishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na aliyesimama kati yao na mahindi yetu alikuwa huyo huyo.

Majirani wakaacha majembe. "Amelishwa sumu," mmoja akasema, na mume wangu tayari ameshika kibuyu cha maziwa. Kwetu maziwa ndiyo yalikuwa dawa ya kila sumu. Nikamnyang'anya. Mnyama hawezi kumeza hata mate yake, ukimmiminia maziwa yaende wapi kama si mapafuni?

"Sumu gani? Hii ni pombe yangu," nikawaambia. "Au leo mmesahau mlevi anavyokuwa?"

Wakacheka kidogo. Mmoja alikimbilia Karatu kumwita bwana mifugo, akaambiwa yuko Kansay kwenye chanjo. Basi nikabaki mimi. Nilizoa machicha yaliyobaki nikayafukia. Nikamweka mbwa ubavu vizuri, kichwa kimeinama kidogo, akitapika asipaliwe. Mwili ulikuwa unapoa, na upepo wa kule hauna adabu.

"Lete koti lako," nikamwambia mume wangu.

"La kanisani?"

"Una jingine?"

Akalileta, huku akinung'unika kwamba mbwa ni mbwa tu. Nikamfunika nalo, nikakaa naye palepale chini. Wenzangu walipalilia, wakanywa pombe yao, wakaaga. Mimi sikuinuka, ila kila pumzi yake ikichelewa nilimsugua mbavu.

Jioni akainua kichwa. Nikamsogezea bakuli la maji, akalamba mwenyewe. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

Jumapili akalivaa koti lile. Tukiwa mlangoni pa kanisa nikaona manyoya mekundu yamejaa begani, nikanyoosha mkono niyapanguse. Akaushika mkono wangu.

"Yaache," akasema, tukaingia.