Walikufunga, Walikufunza

Kabla ya kuwa mkalimani alifundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na minne, na mpaka leo, katika ofisi ya maombi ya hifadhi ya wakimbizi, kila mtu anamwita Mwalimu. Nyumbani mumewe humtania akimwona anavua viatu mlangoni: "Leo umemsahihisha nani?" Naye hujibu bila haya, "Wawili tu, na wote walistahili."

Jumatano moja asubuhi aliitwa chumba namba nne. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye faili lililopangika. Upande wa pili wa meza alikaa seremala wa miaka hamsini na kitu, aliyeikimbia nchi yake, tabasamu halimtoki usoni. Siku aliyofika aliulizwa palangoni maswali kumi na mawili ya kujua kama anahitaji uangalizi wa pekee: ugonjwa, ulemavu, mateso. Yote alijibu hapana. Basi akatiwa kwenye foleni ya haraka, ile ambayo uamuzi hutoka ndani ya siku kumi.

Feni ilikuwa ikinguruma. Afisa akauliza, Mwalimu akatafsiri:

"Walikufunga wapi?"

"Kwa mjomba wangu," alijibu seremala upesi. "Miaka miwili."

Afisa akainua macho. "Kwenye maelezo ameandika ghala la jeshi, miezi saba."

Mwalimu akarudia swali. Seremala akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. "Ndiyo, dada. Mjomba ndiye aliyenifunza randa na msumeno."

Afisa akaandika: maelezo yanapingana. Hapo Mwalimu akahisi kitu alichokijua tangu zamani. Darasani, mtoto asiyesikia hasemi hasikii. Anatabasamu, anatazama midomo, na kila unalomwambia anajibu ndiyo.

"Naomba iandikwe," alisema, "kwamba sina hakika kama ananisikia."

"Mwalimu, kazi yako hapa ni kutafsiri."

"Ndiyo ninayoifanya, bosi. Ila maneno yangu hayamfikii. Nipe dakika moja."

Afisa akashusha pumzi, akakubali. Mwalimu akaziba mdomo kwa karatasi, akasema kwa sauti ileile, "Kaka, simama tafadhali."

Seremala akatabasamu. "Ndiyo, dada." Akabaki amekaa.

Afisa aliweka kalamu chini. Hakubishana, na kwa hilo Mwalimu alimheshimu tangu siku ile. Alizima feni, akafunga mlango, akamwambia Mwalimu ahamie upande wa pili wa kiti cha yule mtu.

"Kaka," alisema Mwalimu karibu na sikio la kulia, "la kushoto lina nini?"

Tabasamu likatoweka. Seremala akaligusa sikio lile, akasema, "Limekufa. Walinipiga kitako cha bunduki, huko ghalani. Na kichwa hunizunguka nikikaa sana."

"Mbona palangoni ulisema huna tatizo?"

"Waliuliza kwa sauti, na pale palangoni pamejaa watu. Na jamaa wa nyuma yangu akaninong'oneza sikio hili zima kwamba wagonjwa ndio hurudishwa kwanza. Wewe ungesemaje?"

Mwalimu akatafsiri yote, neno kwa neno, hata lile swali la mwisho. Afisa alifuta alichoandika, akamtoa seremala kwenye foleni ya haraka, akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari.

Wiki tatu baadaye walikaa tena watatu. Ripoti ya daktari ilikuwa juu ya meza: ngoma ya sikio imepasuka, na nyuma ya sikio kovu la pigo la miaka mingi iliyopita. Mara hii Mwalimu alikaa upande wa kulia wa seremala, maswali yakaja moja moja, na kila nusu saa mwenyewe aliruhusiwa kupumzika. Aliieleza miezi yote saba, hadi rangi ya mlango wa ghala. Mwezi uliofuata alipewa hifadhi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anatengeneza madirisha katika karakana karibu na stendi.

Mkuu wa ofisi alimwita Mwalimu. Alikwenda akidhani atakaripiwa kwa kuvuka mipaka ya kazi. Badala yake alipewa chumba kidogo chenye mlango unaofungika, ili maswali ya palangoni yaulizwe humo, na makarani sita wa kuwafunza jinsi ya kuuliza.

"Na mtu akisema hapana kwa yote?" aliuliza mmoja wao siku ya kwanza.

"Basi vuta kiti, mkae," alisema Mwalimu. "Umuulize tena bila kukimbilia fomu."

Makarani wote sita wakaanza kuandika, naye akapita nyuma yao akisahihisha mwandiko.