Albamu ya Tano ya Mjomba

Mchana mjomba wangu ni fundi friji. Jioni anageuka bendi nzima. Anatunga nyimbo za masimulizi zenye mdundo wa roki ndani yake, anapiga mwenyewe gitaa, kinanda, filimbi na ngoma, chombo kimoja kimoja, kisha anavipandanisha kwenye kompyuta kuukuu. Albamu nne zimetoka hivyo. Wanunuzi ni sisi ndugu, tena kwa kulazimishwa.

Akirekodi, nyumba nzima hunyamaza. Hata kijiko hakigusi kikombe. Albamu ya tano ikakwama. Wimbo wa mwisho ulitaka sauti ya pili, na kichwani alisikia ya mkewe tu.

“Mama watoto, niimbie ubeti mmoja.”

“Miaka ishirini unanambia ‘shh’, leo ndiyo unataka sauti? Kaipigie magoti hiyo filimbi yako.”

Akampigia magoti yeye, palepale sebuleni, gitaa mkononi, kompyuta ikiwa inarekodi. Mkewe akacheka, akafumba macho, akaanza. Sauti ikapanda taratibu kama mvuke wa chai, ikatubeba sote tuliokuwa mlangoni. Mjomba akasahau kupiga.

Wimbo ule ameuacha vilevile, bila ala hata moja.