Mfupa wa Mama Brashi

Mama Brashi alikuwa fundi rangi, na kwenye dari hakuwa na mpinzani. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wawili, brashi chache na ngazi ya mbao. Watu wakasema mwanamke haparamii nyumba za watu. Akaparamia, na watoto wakasoma.

Kilichokuja kumsaliti ni nyonga ya kulia. Maumivu yalianzia kinenani, akayasingizia baridi. Mwisho akawa anapanda ngazi huku akiuinua mguu kwa mkono, kama mtu apandishaye gunia. Hospitalini walimpiga picha, daktari akamwambia kiungo kimesagika na hakina dawa ila kubadilishwa.

Daktari alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyeficha neno. Alimweleza kwamba sehemu moja ya nyonga mpya ni shina la chuma linalozamishwa ndani ya mfupa wa paja, na mifupa ya watu hailingani. Kuna yenye tundu pana juu na jembamba chini, mfano wa faneli. Wake ulikuwa kama bomba, mpana juu hadi chini, na kuta zake nyembamba. Kwenye mfupa wa hivyo madaktari wengi hukishikiza chuma kwa saruji ya hospitali. Lakini moyo wake uliwahi kumsumbua, na saruji ile ina hatari zake kwa moyo. Njia ya pili ilikuwa kukikaza chuma kikavu, mfupa uote wenyewe na kukishika. Mwanzoni kinaweza kuzama, hata kuupasua mfupa. Kikishashikwa, mara nyingi hudumu miaka mingi.

Nyumbani kikao kikakaa. Kaka yake mkubwa alitaka apewe kiti cha magurudumu na mambo yaishe. Wifi yake alikuwa na chuma kikavu mwilini tayari, tena kwenye mfupa wa faneli uliosifiwa na madaktari, na bado paja lilimuuma kila akiinuka kitini. Akasema kama mfupa wa sifa umemfanyia hayo, huo wa bomba utafanya nini?

"Wifi, paja lako na langu hayakuzaliwa tumbo moja," Mama Brashi akamjibu. Kesho yake akaenda kuweka kidole gumba kwenye karatasi za upasuaji. Chuma kikavu.

Upasuaji ulikwenda salama. Akiwa bado anatembelea magongo, aligundua ngazi yake haipo uani. Kaka alikuwa amempa jirani mwenye duka, kwa nia njema, ili kishawishi kiondoke. Mama Brashi hakugombana naye. Alijikongoja hadi dukani, akaketi kwenye kreti la soda mlangoni, akawaambia wateja wote kwamba anangoja ngazi yake. Haikufika adhuhuri, mwenye duka akaibeba mwenyewe kuirudisha.

Kisha ikaja picha ya kliniki. Chuma kilikuwa kimezama kidogo, na mguu wa kulia umefupika. Safari hii wifi ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo mzima: si tulikwambia? Usiku huo Mama Brashi alilia, uso kwenye mto. Aliogopa kweli. Lakini daktari alipomweleza kwamba chuma huweza kuzama kidogo kisha kikatulia, na kwamba kufungua upya kabla ya wakati ni kuuchokoza mfupa, alishika neno hilo. Akafanya mazoezi aliyoamriwa, hakukwepa hata siku moja, na ngazi hakuigusa mpaka aliporuhusiwa. Fundi viatu akamwongezea soli upande wa kulia.

Picha iliyofuata, chuma hakikusogea. Wala iliyofuata hiyo. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Alirudi kazini kwa kuta za chini, kisha ngazi fupi, kisha dari. Daktari hakuzipenda dari, na alimwambia hivyo kila mwaka. Kila mwaka Mama Brashi alimsikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda kupaka dari.

Imepita miaka kumi na tano. Wifi naye paja lilitulia polepole, na siku hizi yeye na Mama Brashi hutembea pamoja asubuhi, wakibishana nani anamchelewesha mwenzake. Daktari amewahi kukiri kwamba mfupa ule ulimtia wasiwasi zaidi ya alivyoonyesha.

"Hata mimi," Mama Brashi akamwambia. "Ila nisingekupa wewe raha ya kujua."

Mwaka huu nyonga ya kushoto imeanza kuuma. Kaka, ambaye sasa macho yamezeeka hata gazeti husomewa, ametuma ujumbe kwamba katika umri huu ni heri kumwachia Mungu. Mama Brashi amejibu kwamba kwa Mungu ameshasali, na kwa daktari ameshapanga foleni. Juzi alikuwa sebuleni kwa mtu, amevaa soli yake nene, anakoroga ndoo ya rangi nyeupe, na mwenye nyumba alipotaka kumshikia ngazi alimwomba asogee, anamzibia mwanga.