Ndoo Chini ya Tuta

Siku yangu ya kwanza katika idara ya maji hapa Songea, Msimamizi wa Bwawa alinikabidhi ndoo, saa ya mkononi na chupa ya kioo, akanitangulia msituni. Kutoka nyumba za mwisho za Mshangano ni mwendo wa nusu saa tu. Nilidhani nakwenda kuonyeshwa mitambo. Alinipeleka chini ya tuta, yaani ukuta wa udongo ulioshindiliwa kuzuia maji, ambako bomba dogo lilikuwa likitiririka.

"Wewe msomi wa sekondari, kuhesabu unajua?"

"Najua, Mzee."

"Basi kinga ndoo, hesabu sekunde mpaka ijae. Ukipiga chafya, mwaga uanze upya."

Kila tuta la udongo huvuja kidogo, alinieleza, na bomba lile hukusanya mvujo huo. Ndoo ikijaa upesi kuliko jana, mvujo umeongezeka. Kisha unajaza chupa na kuiacha itulie hadi kesho yake. Tope likituama chini, tuta linaliwa kwa ndani.

"Hapo usinisubiri ofisini," alisema. "Nifuate hata kanisani."

Mzee alipostaafu, alikuja Mkuu wa Kituo, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye pampu za mtaa wa Majengo. Daftari langu alilisaini bila kulisoma. Nami nilikuwa na shamba la mahindi Ruhuwiko. Mvua zikikolea, tuta linataka mtu na mahindi yanataka palizi, asubuhi ileile. Nilichagua mahindi. Niliegemea jembe, nikaandika: sekunde themanini, maji safi. Kesho yake vivyo hivyo.

Msimu mmoja wa mvua dhamiri ilinisumbua, nikapanda msituni. Nilijaza chupa; kesho yake tope jekundu lilikuwa limetuama chini, unene wa kidole. Kuripoti kungenifunga bwawani asubuhi na jioni, na palizi ilikuwa katikati. Niliisuuza chupa ile, nikaandika: maji safi. Tuta halikubomoka, basi nikajiona mjanja.

Baadaye mji ulipata chanzo kingine, bwawa likaachwa na maji yake ndani. Nilistaafu. Bondeni chini yake watu wakajenga.

Juzijuzi, mvua zikikaribia, Mhandisi wa sasa, binti mgeni mkoani, alinijia nyumbani na madaftari yangu kwenye mfuko.

"Shikamoo, babu. Naomba unipeleke bwawani. Watu wa bondeni wanaomba kibali cha kubaki, na vipimo vyako vinanipa moyo wa kuwakubalia."

Njiani alinitania. "Mvua zote hizo, sekunde themanini! Tuta lako lina nidhamu kama limepita jeshini."

Sikucheka. Njia ilikuwa imezibwa na vichaka, na kila tuliposimama kupumua nilisikia mtu akipigilia misumari kule bondeni.

Bombani alikinga ndoo, mimi nikahesabu kwa sauti. Ilifurika nilipofika thelathini na moja.

"Babu, umehesabu polepole?"

"Hapana, mama. Usiwaache pale kwa sababu ya daftari langu. Namba hizo nyingi niliziandikia shambani." Nikamweleza na habari ya tope.

Alimwaga ndoo, macho kwenye bomba. "Na watu waliokuwa wanajenga, uliwaona?"

"Niliwaona."

Alijaza chupa mwenyewe. Ililala dirishani kwangu, nami sikulala. Asubuhi tope lilikuwa limetuama, jekundu kama lile la zamani. Siku hiyohiyo Mhandisi aliwataka watu wa bondeni wahame, na mafundi wakaanza kufungua valvu ya kutolea maji kidogokidogo ili bwawa lipungue bila kulishtua tuta.

Ninyi mnaoanza kazi, mtapata wakubwa wasiosoma madaftari yenu. Mimi niliona hiyo ni nafuu. Kumbe msomaji wangu alikuwa bado hajajenga kule bondeni.

Jana nilishuka bondeni. Maji ya bwawa yalikuwa hayajapungua hata nusu, na wingu zito lilikuwa juu ya msitu. Mama mmoja alikuwa anaezua nyumba yake ahame, akihangaika na bati refu peke yake.

"Shikamoo, babu. Eti ni wewe uliyekuwa unalinda bwawa?"

"Nilikuwa nalipwa kulilinda," nilimjibu, nikashika bati upande wa pili.