Oktavia na kisima kilichokunywewa na milingoti

Ukungu bado umelala bondeni, na Oktavia Nyagawa tayari yumo shambani, mabuti ya mpira miguuni, mundu mkononi. Anawakatia majani simbilisi wake, vinyama vidogo anavyofuga kwa nyama na mbolea. Wakisikia hatua zake, banda zima linalia kama filimbi.

“Hawa hawana subira,” anacheka. “Nikichelewa kidogo, kijiji chote kinajua.”

Miaka sita iliyopita hapakuwa na banda hapa, nje kidogo ya Makambako, barabara ya Njombe. Palikuwa na kuta mbili za nyumba ya marehemu baba yake, magugu ya kufika kiunoni, na bonde kavu lililojaa milingoti, ile mikaratusi inayofyonza maji mengi.

Oktavia, mjane wa miaka 54, alikuwa mama lishe stendi ya Makambako. Kifua kilipomzidi, alisafiri hadi hospitali ya Ikonda. Akaambiwa aachane na moshi wa kuni.

“Nikajiuliza, bila jiko nitakula nini? Ndipo nikalikumbuka shamba la baba.”

Mwaka wa kwanza mahindi yalitoka ya njano, yakaishia magotini. Jirani yake, Hilda, ndiye aliyemletea viazi kila Jumapili baada ya ibada. Maji aliyachota mtoni, akapanda nayo kilima kizima akikohoa.

Zamani, mama yake alikuwa na kisima bondeni, na kiangazi chote alilima mboga kwenye vinyungu, yale matuta ya ardhi yenye unyevu. Kisha kaka yake Oktavia, Ambrosi, akapanda milingoti pale pale.

“Kaka, miti yako imekunywa kisima cha mama,” Oktavia alimwambia.

“Nimeilea miaka minane. Nikiikata ikiwa michanga, nani atainunua?”

Kipupwe chote hawakusemeshana. Hata kanisani kila mmoja alikaa upande wake.

Asubuhi moja Ambrosi alikuja kukagua miti yake, akamkuta dada yake njiani, ndoo kichwani, ameegemea mti apate pumzi. Aliipokea ile ndoo, akaipandisha mwenyewe. Kabla ya kufika nyumbani, naye alikuwa ameitua mara mbili.

“Nilimuuliza, unapanda hivi kila siku? Akasema, mara tatu,” anasimulia Ambrosi, ambaye leo amekuja kusaidia kupalilia. “Niliona aibu. Mama yetu hakuwahi kuteseka hivyo.”

Wiki iliyofuata alileta mafundi wa chenso, msumeno wa injini. Miti michanga ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Maji hayakurudi mwaka ule. Watu wakasema ndugu hawa wamekosa miti, wamekosa na kisima. Oktavia aliendelea kung’oa visiki na kukata machipukizi, huku akirutubisha udongo kwa samadi.

Msimu wa pili wa mvua ulipokwisha, akiwa anang’oa kisiki, mguu wake ulizama.

“Nilidhani nimekanyaga kinyesi cha ng’ombe!” anasema. “Kutazama, buti linajaa maji. Nilipiga kelele, Hilda akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.”

Leo bonde lina njegere, kabichi na viazi, na juu yake miparachichi imeanza kuzaa. Mwaka jana hakununua debe hata moja la mahindi. Dukani hufuata chumvi, sabuni na mafuta. Si kwamba shida zimekwisha: Julai barafu ya alfajiri iliunguza viazi vyake vyote vya bondeni, na kifua bado humbana siku za baridi.

Hata hivyo, pembeni mwa nyumba yake zimepangwa tofali mbichi zikisubiri kuchomwa. Ni za vyumba viwili vya Ambrosi, ambaye hadi sasa anapanga chumba mjini Makambako. Oktavia anataka kaka yake ahamie kabla ya mvua zijazo.

“Anaona haya, eti atakuja kuishi kwangu,” anasema Oktavia, akimtazama kaka yake aliyeinama kwenye matuta. “Nimemwambia, kaka, hapa si kwangu. Ni kwa baba.”